Lengalenga, seleri na kijiko cha kwanza cha mtoto: majani gani yaingie, na wakati gani?

Siku ya kupima kilo, katika vituo vya afya kuanzia Bunia mpaka Kalemie, maswali ya wamama yanarudi karibu pahali pamoja. Mtoto amefikisha miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, sasa apewe nini? Uji, kila mtu anajua. Mabishano yanaanza kisha hapo, wakati sufuria iko tayari juu ya mbabula. Bibi wa mtoto anataka kitiwe jani fulani ili tumbo likomae. Jirani anasema bila seleri na kitunguu mtoto hatapata hamu ya kula. Mwingine anaogopa hata lengalenga, juu alisikia kwamba majani yanaharisha watoto. Na baba, ambaye mara nyingi ndiye anatoa franga za soko, anauliza kama kifungu cha seleri kina faida yoyote kwa mtoto ambaye hata meno hana.

Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja anaweza kukosea, kwa sababu neno "majani" linabeba vitu vitatu tofauti. Kuko majani ya mboga: lengalenga, matembele, majani ya maboga, sombe. Hayo ni chakula. Kuko majani ya harufu: seleri, persili, majani ya kitunguu. Hayo ni ya ladha. Tena kuko majani ya dawa, yale yanayochumwa nyuma ya nyumba ao yanayonunuliwa kwa wenye kuuza miti-shamba. Mtoto wa miezi 6 anaweza kula ya kwanza. Ya pili anaweza kuonjeshwa. Ya tatu hayana nafasi katika kijiko chake.

Mbele ya miezi 6

Shirika la afya duniani (OMS), UNICEF na Pronanut, ambayo ni programu ya serikali ya Kongo juu ya lishe, wanasema neno moja: kuanzia kuzaliwa mpaka miezi 6, mtoto anyonye tu. Hakuna maji, hakuna uji, hakuna chai ya mchaichai, hakuna maji ya majani. Dawa iliyoandikwa na munganga ndiyo peke yake inayoruhusiwa.

Lakini ukweli wa nyumba zetu unajulikana. Mtoto analia usiku, tumbo limejaa hewa, na mtu mzima wa familia anachemsha majani. Wengine wanamnywesha kwa kijiko, wengine wanapitisha kwa nyuma, ile inaitwa lavema. Haifai kuwacheka wabibi kwa hilo. Wao walilea watoto wakati kituo cha afya kilikuwa safari ya siku nzima, na waliona watoto wakifa na kuhara mbele ya macho yao. Walitumia kile walikuwa nacho.

Tatizo liko katika mwili wa mtoto mwenyewe. Ini lake na figo zake bado hazijakomaa kwa kusafisha vitu vikali. Mubirizi, kwa mfano, ule mmea mchungu ambao watu wazima wanakunywa kwa minyoo na kwa homa, hakuna mtu anayeweza kusema kijiko kimoja chake kina nguvu gani: jani changa na jani zee si sawa, mti wa juu ya mlima na ule wa bondeni si sawa, na kuchemsha dakika 5 si kuchemsha dakika 30. Mtu mwenye kilo 60 anaweza kuvumilia tofauti hiyo. Mtoto mwenye kilo 6 hapana. Lavema nayo inaweza kumkausha maji mtoto ambaye tayari anaharisha, ao kumuunguza ndani.

Kuko tena jambo ambalo halionekani upesi. Wakati mtoto ana homa na nyumbani wanajaribu jani siku mbili, tatu, malaria haingojei. Katika mikoa yetu mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa siku ileile. Siku zile mbili za kujaribu ndizo wauguzi wanazilalamikia kupita jani lenyewe.

Sababu ya kuanza kula

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake anakuja na akiba ya madini ya chuma mwilini, aliyopewa na mama tumboni. Akiba hiyo inakaribia kwisha kufikia mwezi wa sita. Maziwa ya mama ni mazuri, yanaendelea kuwa mazuri mpaka miaka 2 na zaidi, lakini chuma ndani yake ni kidogo. Ndiyo maana chakula cha kwanza hakipaswi kuwa maji yenye unga tu. Uji mwepesi wa muhogo ao wa mahindi unajaza tumbo na kumwacha mtoto na njaa ya ndani, ile isiyolia.

Matokeo yake tunayo mbele yetu. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa katika nchi nzima mwaka wa 2013 na 2014, ule unaoitwa EDS, uliona kwamba katika watoto 100 wenye chini ya miaka 5, karibu 43 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kupita umri wao. Kudumaa kunaanza pole pole, na sehemu kubwa inatokea kati ya miezi 6 na miaka 2, wakati huu hasa wa vijiko vya kwanza. Watu wa Kivu ya Kusini wana neno lao la kale, bwaki, kwa mtoto aliyevimba miguu na uso juu ya kukosa chakula chenye kujenga mwili. Kituo cha utafiti cha Lwiro, katika teritware ya Kabare, kilishughulika na ugonjwa huo miaka mingi, na ndiko ulitoka unga wa masoso: mahindi, soya na sorgho. Jina lenyewe ni mwanzo wa maneno hayo matatu.

Hapa majani ya mboga yanaingia. OMS inapanga vyakula vya mtoto wa miezi 6 mpaka 23 katika makundi 8: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, maharagi, karanga na soya, maziwa ya mnyama, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A nyingi, halafu matunda na mboga zingine. Mtoto anapaswa kupata angalau makundi 5 kwa siku. Kwa familia isiyoweza kununua nyama wala mayai kila siku, hesabu ni ngumu, lakini haishindikani: anyonye, apate kiazi, maharagi yaliyopondwa bila maganda, unga wa sambaza ao wa ndakala, na lengalenga. Hayo ni matano. Ukiondoa lengalenga, anabaki na manne.

Seleri haihesabiwi humo. Wale wanaofanya uchunguzi wa lishe wana sheria: kitu kilichotiwa kidogo kwa ajili ya ladha tu hakiwi kundi la chakula. Baba anayeuliza kama kifungu cha seleri kinamjenga mtoto anastahili jibu la wazi: hapana, majani mawili ya seleri hayana chuma wala vitamini vya kutosha kubadilisha kitu. Kama franga zinatosha kitu kimoja tu, anunue lengalenga ao yai. Seleri ina kazi yake, lakini ni kazi nyingine, tutaiona mbele.

Namna ya kutia lengalenga

Lengalenga ni jani rahisi kuliko yote kwa mtoto anayeanza. Linaiva upesi, linalainika, halina sumu ya kuogopesha, na linaota hata kando ya ukuta. Lina vitu ambavyo mwili unageuza kuwa vitamini A, vile vinavyolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Lina chuma pia, ingawa chuma cha majani hakiingii mwilini kwa wepesi kama cha nyama ao samaki. Kitu chenye uchachu kinakisaidia: matone machache ya ndimu ao ya limau yakitiwa mwishoni, ao kipande cha papai ao cha embe kisha kula. Chai inafanya kinyume. Inafunga chuma, na mtoto anayenyweshwa chai ya majani na uji wake anapoteza sehemu ya kile alichokula.

Mama achukue majani machanga, atoe vijiti vyote, ayaoshe moja moja katika maji safi yanayobadilishwa. Ayachemshe katika maji kidogo, dakika tano mpaka kumi, mpaka yalainike kabisa. Ayaponde ao ayapitishe katika kichujio, halafu ayachanganye na kiazi, ndizi ao maharagi yaliyopondwa. Kwa mwanzo, kijiko kimoja kidogo cha majani kinatosha katika sahani ya mtoto. Baada ya wiki chache vinaweza kuwa viwili, vitatu.

Kisha mafuta. Hapa wamama wengi wanakosea kwa kuwaza wanamsaidia mtoto: wanampa maji ya mboga bila mafuta, juu mafuta yataharisha. Lakini vitu vile vya vitamini A vinahitaji mafuta ili viingie mwilini. Kijiko kidogo kimoja cha mawese, lile jekundu ambalo halikuchomwa mpaka kuwa jeupe, kinatosha, na chenyewe kina vitamini A. Zaidi ya hayo, kijiko kidogo cha mafuta kinaleta nguvu ya kilokalori karibu 40. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 anayenyonya vizuri anahitaji karibu kilokalori 200 kwa siku kutoka chakula. Basi kijiko hicho si kitu kidogo.

Kosa la upande mwingine liko pia. Kwa sababu majani ni bei nafuu, kuko nyumba ambako sahani ya mtoto inajazwa majani. Tumbo la mtoto mwenye kilo 8 linashika karibu mililita 240, chini kidogo ya kopo ndogo. Likijaa majani na maji, hakuna nafasi ya kiazi, ya samaki, ya karanga. Majani yawe sehemu ndogo ya sahani. Na chakula kiwe kizito: kijiko kikipinduliwa, kisianguke upesi kama maji.

Kwa umri wa miezi 6 mpaka 8, mara 2 ao 3 kwa siku, kuanzia vijiko viwili vitatu na kupanda pole pole mpaka nusu ya kopo la mililita 250. Kuanzia miezi 9, mara 3 ao 4, na kitu kidogo katikati, kama vile ndizi mbivu ao avoka. Wakati wote huo mtoto anaendelea kunyonya.

Sombe ingojee kidogo

Kila nyumba ya Kongo inakula sombe, na mtoto naye ataila. Lakini jani la muhogo si lengalenga. Jani bichi la muhogo lina kitu kinachogeuka kuwa sianidi, ambayo ni sumu. Mababu walijua namna ya kuiondoa mbele ya wanasayansi kuandika jina lake: kutwanga vizuri katika kinu, kisha kuchemsha wakati mrefu. Kutwanga kunavunja jani ili sumu itoke, na moto unaipeleka hewani. Kwa hiyo mwanzoni sufuria ibaki wazi, isifunikwe, na maji yachemke kweli kweli. Sombe ya haraka, iliyosagwa kwa mashine sokoni na kupikwa dakika ishirini juu makala yanakwisha, si ya mtoto. Na ile magadi ao bikarbonati ambayo wengine wanatia ili ilainike upesi inaharibu vitamini.

Sombe iliyoiva vizuri, yenye karanga iliyosagwa na mawese, ni chakula kizuri kwa mtoto aliyekwisha zoea kula, tuseme kuanzia miezi 8 ao 9. Nyuzi zake ni ngumu, kwa hiyo ipondwe tena. Na sehemu ya mtoto itolewe katika sufuria mbele ya chumvi na pilipili kuingia. Jambo hili la mwisho linafaa kwa kila chakula cha familia, halina bei, na bado nyumba nyingi hazilifanyi.

Seleri ni ya nini basi?

Ni ya kumfundisha mtoto kula. Mtoto anazaliwa akipenda utamu, na maziwa ya mama ni matamu. Uchungu anaukataa, kwa kuwa porini vitu vichungu mara nyingi ni sumu, na mwili unakumbuka. Ndiyo maana lengalenga ya kwanza inatemwa, uso unakunjwa, na mama anasema: hapendi. Lakini kukunja uso si kukataa. Uchunguzi mbalimbali umeonyesha kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu kilekile mara 8 ao 10 mbele ya kukikubali. Wamama wengi wanaacha mara ya pili ao ya tatu.

Ladha yenyewe inaanza mbali kuliko sahani. Mwaka wa 1991, watafiti wa kituo cha Monell huko Philadelphia, Marekani, waliwapa wamama wanaonyonyesha kitunguu saumu, wakaona harufu ya maziwa yao inabadilika, na watoto wakabaki kwenye ziwa wakati mrefu zaidi. Miaka kumi kisha hapo, mmoja wao, Julie Mennella, na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa mimba ao wa kunyonyesha waliupokea uji wenye karoti kwa wepesi zaidi kuliko wengine. Kwa maneno mengine, mama wa Butembo anayekula supu yenye seleri na kitunguu amekwisha kumwonjesha mtoto wake mbele ya kijiko cha kwanza. Harufu ile ikirudi katika kiazi kilichopondwa, kwa mtoto si mgeni.

Kwa hiyo jirani aliyesema seleri inaleta hamu hakusema uongo. Lakini itiwe namna gani? Njia rahisi kwa wiki za kwanza ni kufunga kijiti kimoja cha seleri na jani la kitunguu kwa uzi safi, kuvitia katika maji ya viazi vinapochemka, na kuvitoa mbele ya kuponda. Harufu inabaki, nyuzi zinatoka. Mtoto akizoea, karibu miezi 7 ao 8, jani lenyewe linaweza kukatwa dogo dogo kabisa, robo ya kijiko kidogo, na kuiva pamoja na chakula. Kijiti cha seleri kisipewe mtoto mdogo, hata cha kutafuna juu ya meno yanayoota: nyuzi zake zinaweza kumkaba.

Kitu kipya kiingie kimoja kimoja. Leo seleri, kisha siku mbili tatu bila kuongeza kingine, ili kama ngozi inatoka vipele ao mtoto anatapika, ijulikane sababu. Ni mara chache, lakini seleri imo katika orodha ya vyakula 14 ambavyo Umoja wa Ulaya unalazimisha viandikwe juu ya pakiti kwa sababu ya watu ambao miili yao inavikataa. Uso ao midomo ikivimba, ao pumzi ikiwa ngumu, ni kukimbia kwenye kituo cha afya palepale.

Tangawizi na kitunguu saumu vinaweza kutumiwa namna hiyohiyo, kipande kidogo kinachochemshwa na kutolewa. Pilipili hapana.

Faida kubwa ya majani ya harufu iko pengine pahali ambapo hapazungumzwi sana: yanaweza kuchukua nafasi ya vile vitonge vya dukani vinavyofungwa katika karatasi ndogo, ambavyo watu wote wanaviita Maggi hata kama jina juu yake ni lingine. Sehemu kubwa ya kitonge ni chumvi. Figo za mtoto haziwezi kutoa chumvi nyingi, na ulimi wake ukizoea chumvi mapema, chakula kisicho nayo atakikataa. OMS inaomba chakula cha mtoto mdogo kisitiwe chumvi wala sukari. Makayabu nayo, hata ikilowekwa, ina chumvi nyingi kwa umri huu. Mama anayesema bila kitonge chakula hakina ladha ana haki ya kupewa kitu kingine badala yake, na kitu hicho ni kitunguu, nyanya iliyoiva na jani la seleri.

Kuhusu asali, kwa kuwa wengi wanaichanganya na majani kwa kifua: isipewe mtoto mwenye chini ya miezi 12. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholeta botulismu, ugonjwa unaolegeza mwili wa mtoto mpaka kushindwa kunyonya na kupumua.

Maji yaliyonyunyizwa sokoni

Katika nchi nyingine wanasema jani la harufu linyunyizwe bichi juu ya chakula mwishoni, ili vitamini visiharibike. Hapa kwetu shauri hilo halifai kwa mtoto. Kolera haijatoka katika miji ya kando ya maziwa, Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie. Inapungua na kurudi. Watu wazima wa Goma wanakumbuka Julai 1994, wakati iliua maelfu ya wakimbizi ndani ya wiki chache. Seleri inayofika sokoni kutoka Kibumba ao kutoka Kabare inaweza kuwa imemwagiwa maji ya mfereji shambani, na mwenye kuuza anainyunyizia tena maji saa za jua ili isinyauke. Maji gani? Mnunuzi hajui.

Basi kwa mtoto, kila jani lipite katika maji yanayochemka. Linapoteza sehemu ya vitamini C, ni kweli. Ndimu ao papai litairudisha. Kuhara kwa wiki moja kunamwondolea mtoto vitu vingi kuliko vile jani lingempa.

Mikono ya mama ioshwe kwa sabuni mbele ya kupika na mbele ya kulisha. Mtoto alishwe kwa kopo na kijiko, si kwa chupa yenye tetine, ngumu kusafisha. Na chakula chenye majani kiliwe kile kinapopikwa. Majani yaliyopikwa yakilala usiku nje ya friji, na friji ni za wachache tena umeme unakatika, vijidudu vinageuza kitu kilichomo, nitrati, kuwa nitriti, ambayo inazuia damu ya mtoto kubeba hewa vizuri. Mabaki yaliwe na wakubwa jioni ileile.

Wakati majani si jibu

Kuko mtoto ambaye tatizo lake si ladha. Wahudumu wa afya wa kijamii, wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba, wanabeba utepe wa rangi wa kupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Kijani, milimita 125 na zaidi, ni vizuri. Manjano, kati ya 115 na 125, kuko hatari. Nyekundu, chini ya 115, ni utapiamlo mkali. Mtoto wa nyekundu, ao yule ambaye ukifinya juu ya mguu wake kwa kidole shimo linabaki, asipikiwe lengalenga nyumbani kwa kungoja kuona. Apelekwe. Kituo kinatoa chakula-dawa cha karanga kilicho katika pakiti, na chakula hicho ni chake peke yake, si cha kugawa na ndugu zake wala cha kuuza, ingawa kila mtu anajua kinaonekana sokoni.

Majani kutoka mfuko

Bei ya mboga inapanda kila barabara inapofungwa, na barabara zetu zinafungwa mara nyingi. Kwa familia iliyo na hata mita moja ya kiwanja, mfuko mmoja wa unga uliojazwa udongo na samadi iliyooza vizuri unaweza kutoa majani ya mtoto. Hata Goma, ambako jiwe la volkeno limefunika udongo wa kartiye nzima, mfuko unasimama juu ya jiwe bila shida. Katikati panatiwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke, na pembeni matundu ya kupandia.

Lengalenga inapandwa kwa mbegu na inaanza kukatwa kisha wiki 3 ao 4. Ikatwe juu, shina libaki, itachipuka tena. Seleri ni mvivu: mbegu yake inaweza kukaa wiki 2 ao 3 chini ya udongo bila kuonekana, wengi wanakata tamaa na kumwaga udongo. Ni vizuri kununua miche midogo kwa wenye bustani. Mche mmoja uliotunzwa unatoa majani miezi kadhaa, yakichumwa yale ya nje na kuacha moyo. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni kali yanaweza kumwagia mfuko, chini kwenye udongo. Maji yaliyooshea nguo za mtoto mwenye kuhara yasimwagwe hapo hata kidogo.